«Sisteme haiko»: namna ya kuchunga serveri kabla haijanyamaza

Saa mbili ya asubuhi, na mstari tayari umefika mlangoni. Mama mmoja ameshika karatasi ya lopitali: anataka kutoa akiba yake ili mtoto apasuliwe leo. Mfanyakazi wa dirishani anatazama ordinatere yake, anabonyeza mara mbili, mara tatu, kisha anasema maneno ambayo wakaaji wa Goma, Bukavu, Bunia, Butembo ao Kindu wameyazoea: «Sisteme haiko. Murudi mchana.»

Watu wanasingizia umeme ao intaneti, na mara nyingi ni kweli. Lakini kuko siku ambapo umeme uko, intaneti iko, na bado sisteme haiko. Siku hiyo shida iko kwenye serveri, ile ordinatere kubwa inayobeba majina, hesabu na kazi ya wote. Na mara nyingi serveri haikuanguka ghafula. Ilikuwa inaonyesha dalili tangu siku nyingi, ila hakuna mtu aliyezitazama.

Kuchunga serveri ni kazi ya kuona dalili hizo mapema. Banki, COOPEC, lopitali, vyuo vikuu na mashirika ya misaada wanaitegemea kila siku, hata kama mwanainchi hajawahi kuingia katika kile chumba cha baridi ambamo mashini zinavuma. Hii kazi inafanyika namna gani, na kwa nini inashindwa?

Parseli moja, wapangaji kumi

Zamani kila kazi ilikuwa na serveri yake: moja ya hesabu, moja ya barua, moja ya mishahara. Nyingi zilikaa bure muda mrefu wa siku, lakini zote zilikula umeme. Leo taasisi nyingi zinanunua mashini moja ya nguvu na kuigawanya kwa programu ya pekee. Programu ile inafanya chuma kimoja kionekane sawa mashini kumi ao ishirini. Kila moja inajiona iko peke yake, na prosesa yake, memori yake na diski yake. Lakini haina chuma chake. Mafundi wanaziita mashini pepe, na ile ya chuma inayozibeba inaitwa mwenyeji. Programu zinazojulikana kwa kazi hiyo ni VMware, Hyper-V ya Microsoft, na Proxmox iliyotoka Austria, ambayo mtu anaweza kuitumia bila kulipa leseni.

Mkaaji wa muji ataelewa upesi akifikiri parseli ya kupangisha. Nyumba ndogo kumi, kila moja na mlango wake na ufunguo wake. Lakini kompteri ya umeme ni moja, na tanki la maji ni moja. Kodi inakuwa ndogo, na hiyo ni faida. Ila mpangaji mmoja akiwasha resho kubwa usiku, parseli yote inabaki gizani, hata yule aliyekuwa amewasha balbu moja tu.

Na serveri iko vile vile. Mwenyeji akichoka, hesabu, barua na mishahara vinalegea pamoja. Ndiyo sababu kuchunga mashini pepe kunataka macho mawili: moja linatazama ndani ya kila nyumba, lingine linatazama parseli nzima. Taasisi nyingi ziko na jicho la kwanza tu.

Mstari kwenye robine

Tuseme sisteme ya hesabu imekuwa nzito. Fundi anaingia ndani ya ile mashini pepe, anatazama kipimo cha prosesa, anakuta asilimia 30. Anasema: «Hapa hakuna shida.» Lakini wateja wanaendelea kulalamika.

Kinachomdanganya ni kwamba ndani ya nyumba, mpangaji hawezi kuona mstari ulio nje. Kuchota bidoni moja ya maji kwenye robine kunachukua dakika mbili. Mtu akiuliza kazi ya kuchota inachukua muda gani, jibu ni dakika mbili. Lakini yule mtoto aliyetumwa asubuhi amerudi saa sita, juu mbele yake kulikuwa bidoni makumi tano.

Mashini pepe nayo inapanga mstari ili ipate prosesa ya kweli. Ule muda wa kungojea, ambapo mashini iko tayari kufanya kazi lakini zamu yake haijafika, ndio kipimo cha kutazama, na kinasomwa upande wa mwenyeji. Mafundi wengi wa VMware wanafuata kanuni hii: kungojea kukipita asilimia 5 kwa kila prosesa ya mashini, inafaa kuanza kuuliza; kukipita asilimia 10, watumiaji tayari wanasikia uzito. Katika mashini za Linux kuko alama ndogo, «st», inayoonekana kwenye programu ya top. Ni wakati ambao mashini ilitaka prosesa lakini mwenyeji alikuwa amewapa wengine.

Kuko kosa moja linalorudia. Fundi anaona uzito, anafikiri mashini ni ndogo, anaiongezea prosesa: kutoka mbili anaipa nane. Lakini zile nane si chuma kipya. Ni bidoni sita zaidi kwenye robine ileile. Mstari unakuwa mrefu, na hata wapangaji ambao hawakulalamika wanaanza kuchelewa. Mara nyingi dawa ni kinyume chake: kupunguza prosesa za mashini ambazo hazizitumii, ao kuhamisha mashini moja kwa mwenyeji mwingine.

Memori iliyokopeshwa

Memori ni mahali pa kazi ya haraka, sawa meza ya fundi cherehani. Nguo anayoishona iko mezani. Zingine ziko kabatini. Diski ndiyo kabati. Kuchukua kitu kwenye memori kunaweza kuwa kwepesi mara elfu moja kuliko kwenye diski za kisasa, na tofauti inakuwa kubwa zaidi kwa diski za zamani zinazozunguka.

Mwenyeji mara nyingi anaahidi memori kuliko ile aliyo nayo, kwa sababu anajua wapangaji hawatumii yote siku moja. Ana gigabaiti 128, lakini ukijumlisha alizogawa unapata 180. Hiyo si kosa kama mtu anachunga. Siku wote wanapozitaka pamoja, mwenyeji anaanza kurudisha. Kwanza anatumia ujanja: ndani ya kila mashini kuko programu ndogo inayojivimbisha sawa baluni, inashika memori isiyotumika na kumrudishia mwenyeji. Kama haitoshi, anahamisha vitu kutoka mezani na kuvipeleka kabatini, yaani kwenye diski.

Hapo ndipo kazi ya sekunde moja inaanza kuchukua dakika. Kwa hiyo baluni ikianza kuvimba, ni onyo la kwanza. Memori ikianza kumwagika kwenye diski, hapo hatuko tena kwenye onyo: nyumba inawaka. Fundi anayetazama baluni kila juma ana wakati wa kuomba pesa za kuongeza memori. Yule asiyetazama ataziomba siku ambayo mstari umefika barabarani.

Kiwanja kilichouzwa mara mbili

Katika miji ya mashariki, kila mtu anajua kesi ya kiwanja kimoja kilichouzwa kwa watu wawili. Kila mmoja ana karatasi yake. Kwa muda mrefu hakuna shida, kwa sababu hakuna aliyejenga. Matata yanaanza siku wote wawili wanapoleta mawe na sementi.

Diski za mashini pepe zinaweza kugawanywa vile vile. Fundi anaahidi mashini kumi gigabaiti 1,000 kila moja, na huku nyuma ana 4,000 tu. Kila mashini inaona diski yake kubwa na inafurahi. Ndani yake kipimo kinasema: «Nimetumia asilimia 40, kuko nafasi.» Lakini asilimia 40 ya ahadi zote kumi ni 4,000 kamili. Diski ya kweli imejaa. Wakati huo mashini inayotaka kuandika inasimama, na mara nyingi zinasimama nyingi pamoja.

Kipimo cha kuchunga hapa si kimoja, ni viwili: kiasi kilichoahidiwa, na kiasi kilichobaki kweli. Mafundi wengi wanaweka onyo la kwanza diski ikifika asilimia 75 ao 80, na onyo la haraka kwenye 90. Lakini namba yenye maana zaidi ni mwendo. Diski iliyo kwenye asilimia 85 tangu miaka miwili inaweza kungoja. Ile iliyotoka 60 ikafika 75 kwa juma moja haingoji. Kwa mwendo huo, itajaa kabla juma mbili zingine hazijapita.

Kuko pia kipimo cha tatu, muda ambao diski inachukua kujibu. Diski nzima ya kisasa inajibu katika milisekunde chache. Ikibaki juu ya milisekunde 20 ao 30 kwa muda mrefu, wateja wataona uzito hata kama prosesa na memori ziko vizuri.

Picha si kopi

Kabla ya kubadilisha programu, fundi anaweza kupiga «picha» ya mashini pepe. Kazi ikiharibika, anarudi kwenye picha ile, na mashini inakuwa sawa ilivyokuwa. Ni msaada mkubwa. Shida ni kusahau kuifuta.

Tangu picha inapigwa, mabadiliko yote yanaandikwa kwenye faili ya pembeni, na faili ile inakua kila siku. VMware yenyewe inashauri picha moja isikae zaidi ya saa 72. Lakini si ajabu kukuta picha ya miezi minane, iliyopigwa na fundi ambaye ameshaacha kazi, imekula diski kimyakimya hadi imejaa. Orodha ya picha zote na umri wake ni kipimo chepesi kupata, na kinafaa kusomwa kila asubuhi.

Kosa lingine ni kuhesabu picha sawa kopi ya akiba. Picha inakaa kwenye diski ileile. Diski ikikufa, mashini na picha yake vinakwenda pamoja. Kopi ni ile iliyo mahali pengine.

Chuma, joto na umeme

Hata mashini pepe iko na chuma chini yake, na kwa mashariki ya Kongo chuma kina adui wawili: umeme unaokatika na vumbi.

Vipimo vya chuma ni vichache. Diski: serveri nyingi zinaandika kwenye diski mbili ao zaidi kwa pamoja, ili moja ikikufa kazi iendelee. Ni ulinzi mzuri, lakini unaficha kifo. Diski ya kwanza inakufa, taa ndogo inawaka rangi ya machungwa nyuma ya mlango uliofungwa, na kazi inaendelea. Miezi mitatu kisha, ya pili inakufa, na siku ile hakuna tena cha kuokoa. Joto: hewa inayoingia kwenye serveri inashauriwa iwe kati ya digrii 18 na 27. Mashini ya baridi ikisimama siku ya posho jioni, chumba kitapita hapo kabla ya siku ya mungu.

Na bateri, zile za ondulere. Bateri za risasi kwa kawaida zinadumu miaka mitatu hadi mitano, na zinachakaa upesi zaidi mahali pa joto na delestaji za kila siku. Ondulere inaweza kuonyesha «asilimia 100» na bado ikashikilia dakika mbili tu. Kipimo cha kweli ni kuijaribu: kukata umeme kwa kusudi, siku iliyopangwa, na kuhesabu dakika. Kuko programu ya bure, NUT, inayosikiliza ondulere na kufunga mashini moja baada ya ingine kwa utaratibu mbele bateri haijaisha. Bila hiyo, mashini zinakatika katikati ya kuandika, na hesabu zinaweza kuharibika.

Taasisi iliyo na wenyeji watatu inafaa pia kufanya hesabu ndogo. Kama kila mmoja anafanya kazi kwa asilimia 66, na mmoja anaanguka, wawili waliobaki watabeba karibu asilimia 100 kila mmoja. Hakuna nafasi tena. Kwa hiyo ile asilimia 66, inayoonekana sawa afya, ni mpaka wa hatari.

Maonyo elfu moja

Mtu anaweza kufikiri kwamba dawa ni kuweka maonyo mengi. Hapana. Taasisi inaweka programu ya kuchunga, inawasha kila onyo, na juma la kwanza simu ya fundi inapokea ujumbe mia tano. Prosesa ilipanda sekunde kumi. Diski ya majaribio imejaa. Ordinatere ya ofisi imezimwa jioni. Juma la pili fundi ananyamazisha simu. Juma la tatu onyo la kweli linapita katikati ya mengine, na hakuna anayelisoma.

Onyo zuri lina mambo matatu. Linasema kitu ambacho mtu anaweza kutengeneza. Lina jina la mtu anayepaswa kuamka, na la mwingine kama wa kwanza hajibu. Na linafika kwa njia inayofanya kazi wakati mambo yameharibika. Hili la tatu linasahauliwa sana. Kama onyo linatumwa kwa barua pepe, na serveri ya barua iko kwa mwenyeji uleule anayeanguka, nani atalipokea? Modemu ndogo na kadi ya simu, inayotuma SMS bila kupitia intaneti ya ofisi, inaweza kuokoa usiku mzima.

Kimya si afya

Kesi moja inajulikana na mafundi dunia nzima, kwa sababu kampuni yenyewe iliieleza yote mbele ya watu. Ni ya GitLab, inayotunza kazi za waandikaji wa programu, na wakati ule serveri zake zilikuwa mashini pepe zilizokodishwa kwa Microsoft.

Usiku wa tarehe 31, mwezi wa kwanza 2017, fundi mmoja alikuwa anapigana na hifadhi ya hesabu iliyolemewa. Alitaka kufuta data kwenye serveri ya pili, kumbe alikuwa kwenye ile ya kwanza. Alisimamisha amri upesi, lakini kwa gigabaiti karibu 300 zilibaki 4 na nusu.

Kosa la mkono linaweza kupata kila mtu. Kilichoumiza ni kilichofuata. Kampuni ilikuwa na njia mbalimbali za kuweka akiba. Walipokwenda kutafuta kopi ya kila siku, walikuta mahali pake patupu. Programu ya kutengeneza kopi ilikuwa ya toleo la zamani kuliko hifadhi yenyewe, kwa hiyo ilikuwa inakataa kila siku. Ilikuwa inatuma onyo kila inapokataa. Lakini maonyo yale yalikwenda kwa barua pepe, na serveri iliyozipokea ilikuwa inazitupa kwa sababu hazikuwa na uthibitisho unaotakiwa. Hakuna mtu aliyepata hata moja. Kwa mafundi, kimya kile kilikuwa alama kwamba kopi ziko sawa.

Waliokolewa na picha iliyopigwa kwa mkono saa sita mbele, kwa kazi nyingine, na ambayo data zake zilikuwa zimepelekwa kwenye mashini ya majaribio. Diski za mashini ile zilikuwa nzito, kurudisha data kulichukua karibu saa 18. Kazi ya saa sita ilipotea: miradi kama 5,000 na watumiaji wapya kama 700.

Wakaaji wa Goma wana mfano wao wa karibu. Kituo cha kuchunga volkano, OVG, kwa miezi mingi hadi mwezi wa nne 2021 kilikosa intaneti sababu ya pesa, na vipimo vya mlima havikuweza kufuatwa kikamilifu. Tarehe 22, mwezi wa tano, jioni, Nyiragongo ikalipuka. Wataalamu walionyesha baadaye kwamba dalili za mlipuko ule zilikuwa fupi sana, chini ya saa moja, kwa hiyo hata jicho zima lingepata wakati mdogo. Lakini ile miezi ya intaneti iliyokatika inafundisha jambo moja: kipimo kisipofika, hakuna anayeweza kusema kama mlima umetulia ao kama ni waya uliokatika. Kwenye skrini vyote viwili vinafanana.

Dawa inajulikana na kila mlinzi wa usiku. Zamu anapiga filimbi kila saa, hata kama hakuna mwizi. Majirani hawaamki kwa filimbi, wanaamka ikikosekana. Kwa serveri ni vile: kopi ya usiku ikikwisha vizuri, inatuma ujumbe mfupi kwa mashini nyingine iliyo nje ya jengo. Saa kumi na mbili ya asubuhi ikifika bila ujumbe, ile ya nje ndiyo inayoita fundi. Na ile programu ya kuchunga nayo inachungwa, kutoka mahali pengine.

Mahali pengine ni wapi?

Tarehe 10, mwezi wa tatu 2021, jengo moja la serveri la kampuni OVH liliungua moto huko Strasbourg, Ufaransa. Kati ya wateja, kuko waliopoteza kazi yao yote: kopi zao zilikuwa mahali palepale pa moto.

Kwa mashariki ya Kongo, kuweka kopi mbali kuna bei yake, kwa sababu ya intaneti. Hesabu si ngumu. Gigabaiti 300, kwa njia ya megabiti 10 kwa sekunde isiyotumiwa na mtu mwingine, zinachukua karibu saa 67, siku tatu kasoro. Kwa hiyo taasisi inafaa kutuma mabadiliko ya siku tu, na kopi nzima ipelekwe kwa diski ya mkononi, iliyofungwa kwa siri, kwenye muji mwingine. Kazi ya kuchunga hapa ni kujua umri wa kopi ya mwisho iliyofika, na si ile iliyotumwa. Na mara moja kwa miezi mitatu, kuifungua na kuirudisha kwenye mashini ya majaribio. Kopi ambayo haijawahi kufunguliwa haijulikani kama ni kopi.

Kuanza na kidogo

Vyombo vyenyewe havihitaji pesa nyingi. Zabbix, iliyoanzia Latvia, Nagios, na Prometheus pamoja na Grafana ya kuchora vipimo, vyote vinapatikana bila leseni. Ordinatere ya zamani yenye gigabaiti 4 ao 8 za memori inaweza kuchunga ofisi yenye wenyeji wawili ao watatu. Kinachokosekana mara nyingi ni saa moja kwa juma, na mtu aliyepewa ile kazi kwa jina lake.

Fundi anayeanza leo anaweza kuanza na vipimo vitano: muda wa kungojea prosesa, memori inayomwagika, nafasi ya kweli ya diski na mwendo wake, umri wa picha, na umri wa kopi ya mwisho iliyojaribiwa. Aviandike kwa daftari siku thelathini, hata kwa kalamu. Bila kujua namna mashini inavyokuwa siku ikiwa nzima, hakuna anayeweza kujua kwamba inaanza kuugua.

Na mwanainchi aliye na akiba yake mahali? Hana haja ya kujua prosesa ni nini. Lakini katika mkutano mkuu wa COOPEC, ao wakati kamati ya lopitali inasoma ripoti yake, mwanamemba anaweza kuinua mkono na kuuliza maulizo manne. Mwaka huu sisteme ilianguka mara ngapi, na kwa muda gani? Nani aliijua wa kwanza, fundi ao mteja? Kopi za hesabu zetu ziko muji gani? Na ni siku gani mlijaribu kuzifungua kwa mara ya mwisho?

Ulizo la pili ndilo linasema mengi. Mahali ambapo mashini zinachungwa, fundi anajua saa nyingi mbele, na mara nyingi mteja hajui kamwe kwamba kulikuwa na shida. Mahali ambapo hazichungwi, wa kwanza kujua ni yule mama aliye kwenye mstari, na karatasi ya lopitali mkononi.